Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Tunduma: Mtoto Asiyeweza Kutembea Anafikaje Shuleni?

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Mji wa Tunduma,
Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Mkurugenzi wa Mji.
Nakala: Waheshimiwa Wenyeviti wa Halmashauri za Wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu usafiri, na najua neno hilo likitajwa Tunduma mawazo ya kila mtu yanakimbilia malori. Si ajabu. Mji wetu umekuzwa na barabara ya Zambia na reli ya TAZARA, na tangu marais wa Tanzania na Zambia walipozindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, Oktoba 2019, foleni ya kuingia Nakonde, ng'ambo ya mpaka, imejadiliwa na mawaziri, wakuu wa mikoa na watu wa forodha wa pande zote mbili. Gari lililobeba shaba ya Kongo lina mtu wa kulihesabia saa. Naomba mtoto wa Chiwezi asiyeweza kutembea, ambaye shule yenye kitengo cha elimu maalumu iko upande wa pili wa mji, naye apate mtu wa namna hiyo.

Nimefundisha elimu maalumu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Wanafunzi wangu walikuwa watoto wenye mtindio wa ubongo, uoni hafifu, usonji na ulemavu wa akili. Daftari langu la mahudhurio lilikuwa na tabia moja ambayo walimu wenzangu wa madarasa ya kawaida hawakuiona kwao: lilifuata mvua. Kuanzia Desemba, udongo mwekundu wa mitaa ya pembeni ukishakuwa utelezi, madawati yalianza kubaki wazi. Mvua zilipokatika Aprili au Mei, watoto walirudi. Lakini kila mwaka walikuwapo wasiorudi, na nilipokwenda kuwatafuta majumbani nilikuta sababu ileile. Mtoto wa miaka mitano anabebeka mgongoni. Wa miaka kumi habebeki. Watoto hawa hawakushindwa kusoma wala hawakuugua. Waliongezeka kilo, na mgongo wa mama ukafika mwisho wake.

Nataka mwelewe vizuri siku ya huyo mama, kwa sababu wengi wenu mnamfahamu kwa sura. Ndiye anayewauzia nyanya na dagaa. Mzazi wa mtoto anayejitembelea halipi nauli yoyote. Mzazi wa mtoto asiyejiweza analipa safari nne kwa siku: kumpeleka asubuhi akiwa naye, kurudi peke yake, kumfuata mchana peke yake, kurudi naye. Akishindwa safari nne, anafanya mbili, na muda wa katikati anakaa chini ya mti wa shule mpaka kengele ya kutoka ipigwe. Meza yake sokoni inakaa bila mtu. Nimewaona akina mama hao, tena wengine walikuwa wakisaidia kufagia darasa ili wasionekane wamekaa bure. Baada ya miezi michache mtaji unakatika, na mtaji ukikatika hata zile safari mbili haziwezekani. Umaskini wa nyumba hiyo unapoandikwa kwenye fomu za TASAF, hakuna mahali panapoandikwa kwamba ulianzia kwenye nauli.

Bodaboda ndiyo inayopatikana, lakini kwa mtoto ambaye shingo yake haijakaza ni hatari. Anawekwa katikati ya dereva na mama, anafungwa kwa kitenge, na hapo tayari ni mshikaki ambao askari wa usalama barabarani ana haki ya kuusimamisha. Daladala nazo zina hesabu zake. Nauli ya mwanafunzi iliyowekwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ni ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo konda asubuhi anachagua abiria. Na mwanafunzi akiwa na kitimwendo, chombo hicho kinaitwa mzigo na kinadaiwa nauli yake. Dar es Salaam mwaka 2016 walipoanza mabasi ya mwendokasi, vituo vilijengwa sawa na sakafu ya basi ili mtu aingie na magurudumu yake. Sisi huku ngazi ya Hiace bado ni ya kurukia.

Serikali ilifuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na mimi niliona kwa macho yangu madarasa yakifurika. Lilikuwa jambo kubwa. Ila kwa mtoto ninayemzungumzia, ada haikuwa kizuizi kikuu. Kizuizi kilikuwa kilomita tatu. Elimu imekuwa bure kuanzia getini kwenda ndani, na yeye bado yuko nyumbani.

Jibu tulilozoea kulitoa ni bweni. Mzazi anaambiwa ampeleke mtoto shule ya mbali yenye mabweni, mara nyingi nje ya mkoa. Mimi mwenyewe nimewashauri wazazi hivyo, na kwa baadhi ya watoto, hasa viziwi wanaohitaji kuishi na wenzao wanaotumia lugha ya alama, bado ni ushauri mzuri. Lakini kumbukeni kwamba mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba mtoto mdogo anapaswa kukua mikononi mwa wazazi wake. Nakubaliana na hoja hiyo kabisa. Sasa inakuwaje mtoto mdogo mwenye ulemavu ndiye wa kwanza kutafutiwa bweni? Yeye anamhitaji mama yake kuliko wote. Tunampeleka mbali kwa sababu hatujapanga bajaji ya kumchukua asubuhi na kumrudisha mchana.

Wajibu huu ni wenu kisheria, na sisemi hivyo kwa kutisha. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaipa mamlaka ya serikali ya mtaa jukumu la kulinda na kukuza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inazungumzia elimu, afya na ufikikaji, na inaunda kamati kuanzia kijiji na mtaa hadi halmashauri. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 1,344,000 katika Mkoa wa Songwe, na zaidi ya laki mbili kati yao wako katika mji wetu huu. Kitaifa, sensa hiyo ilikuta asilimia 11.2 ya watu wa miaka saba na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Si wote wanaohitaji kubebwa. Lakini katika mji wa ukubwa huu, wanaohitaji si wa kuhesabu kwa vidole.

Waheshimiwa, najua jibu litakaloanza kutajwa: halmashauri haina fedha za kununua mabasi. Sikuja kuomba basi. Basi lingenunuliwa leo kwa sherehe, na baada ya miaka miwili lingekuwa limeegeshwa nyuma ya ofisi likisubiri vipuri. Naomba kitu ambacho serikali yetu imekwisha kukifanya, tena kwa mafanikio, na ambacho tayari kipo hapa mkoani.

Mnaufahamu mfumo wa m-mama. Ulijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, Sengerema na mkoa wa Shinyanga, na Aprili 2022 Rais Samia akauzindua kwa nchi nzima. Mama mjamzito mwenye dharura, au mhudumu wa zahanati kwa niaba yake, anapiga namba 115 bila malipo. Anayepokea anauliza maswali, anaangalia gari la wagonjwa lililo karibu, na kama halipo anampigia dereva wa kawaida wa kijiji au mtaa ambaye amekwisha kuandikishwa na kukubaliana nauli. Dereva huyo hatozi mtu njiani. Akimfikisha mgonjwa na kituo kikathibitisha, malipo yake yanaingia kwenye simu.

Angalieni kilichofanyika pale. Hakuna aliyesubiri kila zahanati ipate gari lake. Magari yalikuwapo, ni yale yanayopaki sokoni na kwenye vijiwe. Kilichokosekana ni makubaliano, na mtu wa kulipa. Kama tumeweza kwa dharura ya usiku wa manane, isiyojulikana itatokea lini wala wapi, kwa nini tushindwe kwa safari ya mtoto wa shule, ambayo saa yake, nyumba yake na mwisho wake vinajulikana mwaka mzima?

Nimejaribu kupiga hesabu. Ni makadirio yangu mwenyewe, na wahasibu wenu watayarekebisha. Tuseme tunaanza na watoto 20. Bajaji inachukua abiria watatu. Weka watoto wawili na mhudumu mmoja. Kila bajaji ikizunguka mara mbili asubuhi na mara mbili mchana, bajaji tano zinatosha. Dereva tumlipe shilingi 20,000 kwa siku pamoja na mafuta, mhudumu shilingi 10,000. Kwa siku ni shilingi 150,000. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo jumla ni shilingi milioni 29 na laki moja. Mnajua kuliko mimi vitu gani katika bajeti yetu vina thamani hiyo, na vipi kati yake vingeahirishwa bila mtu kulala na njaa.

Kuna njia ya kuifanya fedha hiyo ifanye kazi mara mbili, na hapa naomba Ndugu Mkurugenzi anisikilize kwa makini. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarejeshwa 2024. Katika halmashauri nyingi nchini vikundi vimekopeshwa bajaji kwa fedha hizo. Picha zinapigwa, funguo zinakabidhiwa, kisha kikundi kinaachwa kipambane na mamia ya bajaji nyingine kwenye vijiwe vilevile. Marejesho yanasuasua na watu wanasema watu wenye ulemavu hawalipi. Lakini kazi ilitoka wapi? Halmashauri imekopesha chombo, na wakati huohuo halmashauri ina watoto wanaohitaji chombo hicho. Unganisheni viwili hivyo. Kikundi cha watu wenye ulemavu kinachokopa bajaji kipewe pamoja nayo mkataba wa kuwabeba watoto wa kitengo, asubuhi na mchana, na saa za katikati kitafute abiria wake kama kawaida. Marejesho yakatwe kwenye malipo ya mkataba. Wengi wa watu hao ni vijana waliowahi kukaa nyumbani kwa kukosa nauli hiyohiyo. Hakuna dereva atakayejua vizuri zaidi namna ya kumshusha mtoto kwenye kitimwendo.

Sasa jambo linalonitia hofu, ambalo sitaki mlipite haraka. Kumkabidhi mtoto kwa mtu mzima anayeendesha chombo ni amana nzito, na mtoto asiyeweza kusema yaliyompata ndiye rahisi kuumizwa kuliko wote. Sisi wa Tunduma, mji wa wapita njia, tunajua maana yake. Mei 2024 huko Muleba, Kagera, mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino alitekwa kutoka nyumbani na kuuawa, na tangu hapo wazazi wenye watoto wenye ualbino hata mikoa ya mbali kama yetu wamezidi kuwafungia ndani. Uingereza nako kuna funzo chungu. Kwao sheria ya elimu ya 1996 inazilazimu halmashauri kuwasafirisha bure watoto wanaostahili: wa chini ya miaka minane anayeishi zaidi ya maili mbili kutoka shule, mkubwa wake zaidi ya maili tatu, na mwenye ulemavu asiyeweza kutembea bila kujali umbali. Kazi kubwa ya kubeba inafanywa na teksi za kukodi. Lakini katika mji mmoja unaoitwa Rotherham, uchunguzi uliochapishwa Agosti 2014 ulikadiria kuwa watoto wapatao 1,400 walidhalilishwa kingono katika kipindi cha miaka 16, na ukataja madereva wa teksi miongoni mwa waliohusika, huku viongozi wa halmashauri wakiwa wameonywa mapema na kunyamaza.

Kwa hiyo dereva asichaguliwe kwa kuwa bei yake ni ndogo. Mwenyekiti wa mtaa amjue na kijiwe chake kimdhamini kwa maandishi, alama zake za vidole zichukuliwe polisi, na Dawati la Jinsia na Watoto lipewe orodha. Dereva awe yuleyule kila siku, na mtoto asibaki naye peke yake hata kwa dakika tano; ndiyo maana nimeweka mhudumu katika hesabu, na nasisitiza asiondolewe bajeti itakapobanwa. Mhudumu anaweza kuwa mmoja wa wale akina mama wa chini ya mti, kwa kupokezana, wakalipwa kwa kazi ambayo wamekuwa wakiifanya bure. Mwalimu atie sahihi mtoto anapofika, mzazi atie sahihi anaporudi. Namba 116 ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto ibandikwe ndani ya kila bajaji, mahali ambapo mtoto na mzazi wanaiona.

Chombo chenyewe nacho kikaguliwe. Sijasahau Karatu, Mei 2017, basi la shule lilipotumbukia bondeni na kuua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto wale walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa kujipima. Sitaki kuwa mtu aliyeandika barua ya kuomba usafiri halafu usafiri ukawa na breki mbovu.

Kuna kundi jingine la watoto wanaosafirishwa kila mara na halmashauri, ingawa haliingii kwenye mazungumzo ya shule. Ni wale wanaookotwa stendi na mpakani: aliyetoroka nyumbani, aliyedanganywa kazi za ndani, aliyekinzana na sheria. Mahabusu ya watoto iliyo karibu nasi iko Mbeya, na Shule ya Maadilisho ya Irambo iko hukohuko, safari ya zaidi ya kilomita 100 kwa barabara iliyojaa malori. Nimeshuhudia afisa ustawi wa jamii wa ofisi moja, ambayo sitaitaja, akichangishana fedha na wenzake ili kumrudisha mtoto kwao. Nimesikia pia habari za mtoto kukabidhiwa kondakta wa basi kwa maelekezo ya mdomo, kwamba atapokelewa mbele. Maafisa hao si watu wabaya; wana moyo, hawana fungu. Katika bajeti hiyohiyo wekeni fungu dogo lenye jina lake, la nauli ya mtoto na mtu mzima anayemsindikiza kwenda na kurudi, lisiloguswa kwa semina wala mapokezi ya viongozi.

Wazee na wagonjwa wanaokwenda kliniki kila mwezi nitawataja kwa ufupi, si kwa sababu wana haki ndogo. Mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo anatibiwa bure, lakini kutoka Chapwa au Mpemba mpaka hospitalini anafika kwa fedha ya mtu mwingine, na akiandikiwa rufaa ya Vwawa au Mbeya wengi wanarudi nyumbani na karatasi mkononi. Bajaji zilezile za asubuhi ya shule zinaweza kupangiwa siku mbili za kliniki kwa wiki katika saa za katikati.

Kwa waheshimiwa wa Ileje, Momba, Mbozi na Songwe: bajaji ya Tunduma haitapanda milima ya Ileje, wala haitafaa masika yakishika bonde la Kamsamba. Mnachoweza kuchukua ni namna ya makubaliano. Chombo mtakichagua wenyewe, iwe ni Noah inayokwenda Itumba, guta lililofungwa viti, au hata pikipiki yenye kiti cha pembeni iliyochomelewa na mafundi wa Mlowo. Na pale ambapo kilomita ni nyingi mno, basi mwalimu wa elimu maalumu ndiye apewe nauli awafuate watoto vijijini kwa siku zinazojulikana.

Ombi langu la kwanza kwenu si fedha. Kabla ya kikao cha bajeti, waagizeni wenyeviti wa mitaa na watendaji wa kata, pamoja na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na walimu wa vitengo, waandike orodha ya kila mtoto wa umri wa shule ambaye hafiki shuleni kwa sababu ya safari. Waandike anakaa mtaa gani, anahitaji nini ili akae kwenye chombo salama, na nani nyumbani anabaki bila kazi kwa ajili yake. Kazi hiyo ni ya wiki mbili. Orodha isomwe kwenye baraza, kwa idadi ya kila kata bila majina ya watoto, ili kila diwani asikie kata yake. Kisha baraza liamue lianze na watoto wangapi, na liandike tarehe.

Vikao vya baraza ni vya wazi kwa wananchi. Nitakuja, na nitakuja pamoja na baadhi ya akina mama niliowataja, wale watakaopata mtu wa kubaki na watoto siku hiyo. Tunaomba tuandaliwe viti karibu na mlango, na tutangaziwe mapema tarehe na ukumbi, kwa sababu wenzetu wawili watakuja na watoto wao na wanahitaji kutafuta usafiri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa elimu maalumu,
Sogea, Tunduma.